Paneli ya Mbele ya Sintesaiza ya Moduli: Kimo cha 3U au cha Sentimita 20?

Mtu anayeamua kujitengenezea sintesaiza ya moduli, yaani ala ya muziki ya kielektroniki iliyogawanywa katika vipande (moduli) vinavyounganishwa kwa waya, akiwa Mbeya, Iringa, Njombe au Mafinga ana uamuzi mmoja wa kufanya kabla hajanunua hata rezista moja: paneli ya mbele itakuwa na kimo gani, na itatengenezwa kwa kitu gani. Mafundi wengi huanza na saketi na kuiacha paneli iwe kazi ya mwisho, ya kutoboa matundu mahali popote palipobaki nafasi. Utaratibu huo huiharibu kazi nzima, kwa kuwa chombo cha aina hii hakina sehemu nyingine ya kupigia zaidi ya nobu, soketi, swichi na taa zilizopangwa juu ya paneli. Filta (moduli ya kuchuja sauti) yenye sauti nzuri ikifichwa nyuma ya paneli iliyobanana, mpigaji huiweka kwenye sauti moja na kuiacha hapo mwaka mzima.

Njia mbili zinazolinganishwa hapa ni paneli ya kimo cha 3U (milimita 128.5) iliyochapwa kiwandani kama bodi ya saketi, na paneli ya kimo cha sentimita 20 inayokatwa kwa bamba la alumini au plaiwudi hapa hapa nyumbani. Niuweke wazi msimamo wangu tangu sasa: anayejenga moduli moja moja kwa matumizi yake mwenyewe, na ambaye bado anabadilisha mawazo, achague sentimita 20, anayekusudia kutengeneza nakala tano au zaidi za moduli ile ile, au kununua moduli zilizokwisha kutengenezwa na kampuni za nje, achague 3U. Sababu zenyewe zinahitaji maelezo, kwa maana kila njia ina gharama isiyoonekana kwenye picha.

Vipimo na vilikotoka

Mfumo wa 3U, unaojulikana duniani kwa jina la Eurorack, ulienezwa na Dieter Doepfer wa Ujerumani kupitia sintesaiza yake ya A-100 katikati ya miaka ya 1990. Vipimo vyake havikubuniwa kwa ajili ya wanamuziki. Vilichukuliwa kutoka kwenye rafu za vifaa vya kielektroniki za maabara na viwanda, zile za upana wa inchi 19. Kimo cha paneli ni milimita 128.5. Upana hupimwa kwa HP, na HP moja ni milimita 5.08. Paneli hukatwa pungufu kidogo ya hesabu ili zisisukumane zinapokaa bega kwa bega, ndiyo maana paneli ya HP 10, ambayo kwa hesabu ingekuwa milimita 50.8, hukatwa milimita 50.5. Matundu ya skrubu za M3 hukaa milimita 3 kutoka ukingo wa juu na wa chini, na la kushoto huwa milimita 7.5 kutoka ukingo wa kushoto. Soketi zake ni za milimita 3.5.

Mfumo wa sentimita 20 huitwa Kosmo, na ulianzishwa na mwanamuziki na mjenzi wa Uingereza, Sam Battle, anayejulikana zaidi kwa jina la Look Mum No Computer. Kimo ni milimita 200, upana huongezeka kwa hatua za milimita 25, na soketi ni zile kubwa za milimita 6.35, ambazo mafundi wetu wa vipaza sauti vya makanisani na kumbi za harusi wamezizoea kwa sababu ndizo zinazotumika kwenye magitaa na mikisa. Umeme wa mifumo yote miwili ni volti 12 chanya na volti 12 hasi, jambo lenye faida kubwa nitakayoirudia mwishoni. Ipo pia mifumo mikubwa ya zamani inayofuata vipimo vya Robert Moog wa Marekani, lakini kwa mjenzi wa hapa haiongezi kitu ambacho sentimita 20 hazitoi.

Filta moja katika paneli mbili

Tofauti huonekana vizuri zaidi tukichukua moduli moja na kuipanga katika vipimo vyote viwili. Tuseme ni filta inayopitisha masafa ya chini, moduli ambayo karibu kila mjenzi huitengeneza mapema. Inahitaji nobu moja kubwa ya kuamua masafa yanakatwa wapi, nobu ya rezonansi (ya kukoleza masafa yaliyo karibu na hapo), nobu mbili ndogo za kupunguza volteji zinazoidhibiti, soketi tatu za kuingizia na soketi moja ya kutolea. Jumla ni nobu nne na soketi nne.

Katika 3U yenye upana wa HP 10, reli za kasha zinazoshika paneli juu na chini hula karibu sentimita moja kila upande, hivyo bodi ya nyuma hubaki na kimo cha takribani milimita 110. Soketi zote nne zinaweza kukaa kwenye safu moja chini, vitovu vyake vikiwa milimita 7, 19, 31 na 43 kutoka ukingo wa kushoto. Nafasi ya milimita 12 kati ya kitovu na kitovu inaonekana ya kutosha kwenye skrini ya kompyuta, lakini kichwa cha plagi ya milimita 3.5 kina unene wa milimita 8 hadi 10, kwa hiyo kati ya plagi mbili zilizochomekwa hubaki milimita mbili hadi nne tu. Kidole cha mtu mzima hakipiti hapo, na plagi ya katikati huchomolewa kwa ncha za vidole, polepole, huku ukijihadhari usiwagutushe majirani zake. Juu ya soketi hukaa nobu mbili ndogo, kisha rezonansi, kisha ile kubwa. Vyote vinaenea, ila hakuna kinachobaki kwa swichi ya nyongeza wala taa, labda taa ya milimita 3 iliyobanwa pembeni.

Katika paneli ya milimita 50 kwa 200, soketi hukaa mbili mbili, vitovu vikiwa milimita 12.5 na 37.5 kutoka ukingoni. Kichwa cha plagi kubwa kina unene wa milimita 14 au 15, kwa hiyo kati ya plagi mbili hubaki sentimita moja, na kidole cha shahada hupita bila shida. Safu mbili za soketi huchukua robo ya chini ya paneli, nobu mbili ndogo hukaa juu yake, na nobu ya masafa hupata nafasi ya kuvaa kofia yenye kipenyo cha zaidi ya milimita 30. Kofia kubwa haiwekwi kwa ajili ya urembo: nobu pana humruhusu mpigaji asogeze masafa kidogo kidogo, kwa kuwa vidole husafiri mwendo mrefu zaidi kwa pembe ile ile ya mzunguko. Eneo lote ni milimita mraba 10,000, dhidi ya pungufu ya 6,500 upande wa 3U.

Gharama yake ni ukubwa wa kasha. Safu ya 3U ya HP 84, ambayo ni karibu milimita 427, hubeba filta nane kama hiyo, na safu ya sentimita 20 yenye upana ule ule hubeba nane vilevile. Lakini ukipanga safu mbili, kasha la 3U halifiki sentimita 30 kwa kimo, na lile jingine hupita 40. Kwa mtu anayepanda basi kutoka Mbeya kwenda kupiga Iringa au Dar es Salaam, kasha la kwanza hukaa mapajani na la pili huingia buti pamoja na magunia ya viazi. Hoja hiyo ni nzito, na kwa mpigaji anayesafiri kila mara huenda ikaamua kila kitu.

Reli nazo zina neno lake. Kasha la 3U lililotengenezwa vizuri hutaka reli za alumini zenye nati zinazoteleza au ukanda uliotobolewa kwa vipimo, na vitu hivyo huagizwa. Paneli ya sentimita 20 hufungwa kwa skrubu za mbao moja kwa moja kwenye fito mbili za msonobari, na msonobari ni zao la kawaida kuanzia Sao Hill hadi Njombe. Fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kulitengeneza kasha hilo akipewa mchoro na kuelezwa kwamba kimo cha uwazi lazima kiwe sawa kutoka upande hadi upande.

Malighafi: kiwanda cha mbali au karakana ya jirani

Paneli ya bodi ya saketi ni kipande cha fibaglasi chenye unene wa milimita 1.6, kilichotobolewa, kupakwa rangi na kuandikwa na kiwanda kile kile kinachotengeneza saketi. Ubora wake ni wa juu kwa namna ambayo mkono haufikii: matundu hukaa mahali pake kamili, maandishi meupe juu ya nyeusi husomeka hata yakiwa madogo, na tabaka la shaba lililoachwa upande wa nyuma, likiunganishwa na waya wa ardhi, huzuia mvumo wa umeme wa nyumba usiingie kwenye saketi. Mchoro hufanywa kwenye programu ya KiCad, ambayo ni ya bure, na mara nyingi viwanda vya China huanzia vipande vitano kwa oda. Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Anayehitaji vitano hupata bei nzuri sana kwa kila kimoja. Anayehitaji kimoja hulipia vinne vya kukaa kabatini. Kimo cha milimita 128.5 pia huvuka kikomo cha milimita 100 ambacho viwanda vingi huwekea bei yao ya chini kabisa. Juu ya hayo kuna usafirishaji, forodha, na safari ya kifurushi kutoka Dar es Salaam, na tundu moja lililosahauliwa kwenye mchoro hugharimu mzunguko huo wote kwa mara ya pili.

Bamba la alumini la milimita 2 hutendeka kwa vifaa vya kawaida. Karakana za madirisha ya alumini hutumia zaidi profaili kuliko bamba bapa, kwa hiyo bamba huulizwa mahususi, na mara nyingi mabaki ya kazi ya mtu mwingine yanatosha kwa paneli kadhaa. Mashine yao ya kukatia hutoa ukingo ulionyooka kuliko msumeno wa mkono, na inafaa kuwalipa wakate vipande vyote kwa siku moja ili vimo vyake vifanane. Kutoboa hufanywa kwa drili, bamba likiwa limebanwa juu ya ubao: kwanza alama ya kugonga kwa ncha kali ili biti isitelezee pembeni, kisha tundu la milimita 3, kisha biti ya ngazi hadi kipimo kinachotakiwa. Volyumu (vifaa vinavyozungushwa na nobu) nyingi za milimita 16 hutaka tundu la milimita 7 hadi 8, na soketi ya milimita 6.35 hutaka karibu milimita 10, lakini kila kifaa kipimwe uzi wake kwa kalipa kabla ya kutoboa, maana watengenezaji hutofautiana. Chuma hiki chenyewe huunganisha mashina ya soketi na waya wa ardhi, mradi rangi iliyopo nyuma ya kila nati ikwanguliwe.

Plaiwudi ya milimita 3 au 4 ndiyo ninayoipendekeza kwa paneli ya kwanza ya kila moduli, hata kwa mtu ambaye mwisho wake ni alumini au kiwanda. Mufindi ni nchi ya misonobari na viwanda vya plaiwudi, na kipande cha ukubwa wa paneli hakigharimu kitu cha kufikiriwa. Hutobolewa upesi na husahihishwa upesi zaidi. Ina mahitaji mawili tu: ipakwe vanishi pande zote mbili, la sivyo msimu wa mvua huipinda kuelekea upande mmoja; na kwa kuwa mbao haipitishi umeme, kila soketi ivutiwe waya wake wa ardhi, na nyuma ya paneli ibandikwe karatasi ya alumini iliyounganishwa na ardhi hiyo hiyo. Kizuizi kikubwa ni unene. Soketi ndogo za 3.5 zinazotumiwa na wajenzi wengi zina uzi wa milimita nne na kidogo tu, ambao ukipita kwenye plaiwudi ya milimita 4 hauachi mahali pa kushika nati. Soketi kubwa zina uzi mrefu, na hii ni sababu nyingine ya mfumo wa sentimita 20 kuafikiana na vitu vinavyopatikana hapa.

Alukobondi, ile ya mabango ya maduka, ina shida hiyo hiyo ya unene kwa 3U, lakini kwa soketi kubwa inafaa sana: imekwisha kupakwa rangi, imenyooka, na hukatwa kwa kisu kikali na rula. Akriliki huvutia macho, hupasuka ikitobolewa kwa haraka, na haizuii mvumo. Ningeiacha, isipokuwa ikatwe na kutobolewa kwa mashine ya leza.

Kuhamisha mchoro kwenye bamba

Kwa njia ya nyumbani, mchoro huchapwa kwenye karatasi kwa ukubwa halisi na kubandikwa juu ya bamba ili kuongoza biti. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297 na upana wa 210, hivyo paneli ya milimita 200 huenea vizuri. Hatari ipo kwenye duka la steshenari: programu nyingi za kuchapa hupunguza ukurasa ili uenee ndani ya pambizo, na upungufu wa asilimia 3 kwenye paneli ya 3U ni karibu milimita 4, kiasi cha kufanya matundu ya skrubu yasilingane na reli. Kila mchoro uwekewe mstari wa milimita 100 pembeni, na mstari huo upimwe kwa rula pale pale dukani kabla ya kulipa.

Wapi soketi zikae

Hapa mfumo si hoja. Ni suala la namna ya kupiga. Moduli nyingi za mwanzo za Doepfer huweka soketi kwenye safu ya kushoto na nobu upande wa kulia, kila soketi ikitazamana na nobu inayoihusu. Mpangilio huo humfundisha mgeni bila maneno, kwa kuwa jicho hufuata mstari kutoka mahali waya unapoingia hadi mahali nguvu yake inapopunguzwa. Hasara yake ni kwamba waya kumi zikishachomekwa, mkono hauzioni tena nobu. Mutable Instruments, kampuni ya Émilie Gillet huko Ufaransa iliyofunga shughuli zake mwaka 2022 na kuacha michoro ya moduli zake wazi kwa umma, ilizoea kuweka soketi zote chini na nobu juu, na kwa mtu anayepiga mbele ya watu huo ndio mpangilio ulio salama. Waya huning'inia kuelekea chini na nobu hubaki wazi. Michoro hiyo ni shule nzuri kwa yeyote anayetaka kuona mpangaji mwenye ustadi anavyogawa nafasi ya HP chache.

Kuna jambo moja ambalo hupuuzwa. Soketi za chini ni faida kwa safu ya chini ya kasha pekee. Zikiwa kwenye safu ya juu, waya zake huangukia nobu za safu inayofuata. Anayejua tangu mwanzo kwamba moduli fulani itakaa juu anaweza kuigeuza, soketi zikawa juu na nobu chini, na uhuru huo anao zaidi mjenzi anayechora paneli zake mwenyewe kuliko mnunuzi.

Ndani ya kundi la soketi, kanuni inayoeleweka na wengi ni kuingiza kushoto na kutoa kulia, na soketi za kutolea kuzungushiwa kisanduku cha rangi iliyojaa. Kisanduku hicho ni muhimu kuliko maandishi yenyewe, kwa maana kwenye ukumbi wenye giza mpigaji haoni herufi lakini huona doa jeupe au jeusi. Herufi zisipungue milimita 2 kwa kimo, na zikae juu ya soketi, kamwe zisiwe chini yake ambako waya huzifunika.

Kuhusu namna ya kuandika kwenye alumini, mafundi wa mihuri, vibao na vikombe vya ushindi wenye mashine ya leza ya CO2 wanaweza kusaidia iwapo bamba limepakwa rangi kwanza, kwa sababu leza ya aina hiyo haichongi alumini tupu bali huondoa rangi iliyo juu yake na kuuacha mng'ao wa chuma uwe maandishi. Rangi ya kupuliza iachwe ikauke siku kadhaa, hasa Juni na Julai wakati baridi ya Mbeya na Njombe inapochelewesha ukaukaji, la sivyo leza huikunja kingo badala ya kuikata.

Kuichanganya mifumo miwili

Kwa kuwa umeme wake ni mmoja, na udhibiti wa sauti katika yote miwili hufuata volti moja kwa kila oktavu (volteji ikipanda volti moja, sauti hupanda oktavu moja), aliyeanza na sentimita 20 anaweza baadaye kununua moduli moja ya 3U na kuiingiza kwenye kasha lile lile, aidha kwa kuifunga kwenye paneli kubwa ya plaiwudi iliyokatwa dirisha la milimita 110 kwa kimo ili kingo zake za juu na chini zikae juu ya mbao na kushikwa na skrubu zake za M3, au kwa kuitengea safu yake. Waya za kuunganisha soketi ya 3.5 na ya 6.35 hutengenezwa kwa kulehemu plagi mbili, ncha kwa ncha na shina kwa shina. Kitu cha kuangaliwa sana ni kebo bapa ya umeme: mstari mwekundu wa kebo hiyo, kwa desturi ya 3U, huonyesha upande wa volti 12 hasi, na bodi iliyotengenezwa nyumbani iandikwe alama hiyo waziwazi kando ya kiunganishi chake, kwani kebo ikigeuzwa, chipsi zisizokuwa na diodi za kinga huungua mara tu swichi inapowashwa.